Kupanda metro ya Paris: mwongozo kwa anayetoka Lubumbashi

Katika Lubumbashi, anayekwenda komini ya Kenya au ya Ruashi hahitaji ramani. Receveur, yaani kondakta, anaita jina la mahali, unaingia, unalipa ndani ya taxi-bus, ukikaribia unasema unashuka. Metro ya Paris haina hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna anayeita abiria. Nauli inalipwa kabla ya kuona treni. Dereva humwoni, na kwenye laini 1, 4 na 14 hayupo kabisa: treni inajiendesha yenyewe. Kazi yote ya receveur inabaki kwako, nayo inategemea mambo mawili: namba ya laini, na jina la kituo cha mwisho cha upande unaokwenda. Anayeyajua hayo mawili kabla ya kushuka ngazi anafika. Anayejua tu jina la mahali anapokwenda atazunguka, hata kama Kifaransa chake ni kizuri kuliko cha Waparisi wenyewe.

Metro na RER

Ni mitandao miwili inayokutana chini ya ardhi, na matatizo mengi ya wageni yanaanzia kwa kuifanya mmoja.

Metro ina laini 16: namba 1 mpaka 14, pamoja na 3bis na 7bis. Inatembea ndani ya Paris na viunga vya karibu, na kila treni inasimama kila kituo. Laini ya kwanza ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900. Umri huo unaonekana: njia nyembamba, kona nyingi, ngazi juu ya ngazi, lifti chache sana. Laini 14, iliyoanza 1998, ndiyo yenye lifti katika kila kituo. Mwenye mzee, mtoto wa kusukumwa au valizi nzito aipe laini hiyo nafasi ya kwanza kila inapowezekana.

RER ni treni kubwa zinazovuka mji na kutoka nje: A, B, C, D na E. Hizi zinagawanyika matawi, na nyingine zinaruka vituo. Kwenye metro unaangalia upande tu. Kwenye RER unaangalia upande na pia orodha ya vituo ambavyo treni hiyo hasa itasimama.

Ya kutayarisha ukiwa bado nyumbani

Kwanza, feza. Mashine za tiketi zinapokea euro na kadi za benki, basi. Dola haipokelewi, na M-Pesa, Airtel Money au Orange Money haziendi huko. Nunua euro kiasi kwa cambiste (mbadilisha feza) kabla ya safari na udai noti ndogo, za 5, 10 na 20, maana si kila mashine inakula noti, na noti ya 50 au 100 usiitegemee kabisa. Kama una kadi ya Visa au Mastercard ya benki yako ya Lubumbashi, iambie benki unasafiri na uhakikishe unaijua namba ya siri; mashine itaiomba. Na usijaribu kugusa geti kwa kadi ya benki kama wafanyavyo London. Paris geti halifungukii kadi ya benki, linataka tiketi.

Pili, anwani. Andika jina la kituo kilicho karibu na mahali utakapolala, pamoja na laini zinazopita hapo. Mwenyeji wako anajua. Usiridhike na "niko karibu na Gare du Nord": muulize kituo gani, laini ngapi, na ikiwezekana namba ya mlango wa kutokea, kwa sababu kituo kikubwa kina milango mingi na ukitokea mlango usio wako unaweza kutembea dakika kumi zaidi na mizigo mkononi.

Tatu, simu. Weka programu ya Île-de-France Mobilités au Citymapper ukiwa na intaneti nzuri, na uhifadhi picha ya ramani ya metro ndani ya simu. Laini yako ya simu ya Kongo inaweza kukosa intaneti unapotua, lakini picha itafunguka hata hivyo. Hakikisha ni ramani mpya. Zile za zamani zinaonyesha laini 4 ikiishia Mairie de Montrouge na laini 14 ikiishia Saint-Lazare au Olympiades. Leo laini 4 inaishia Bagneux–Lucie Aubrac, na laini 14 tangu Juni 2024 inatoka Saint-Denis Pleyel mpaka uwanja wa ndege wa Orly. Ukifuata jina ambalo limekwisha ondolewa kwenye vibao utasimama njia panda bila jibu.

Tiketi: kununua kipi

Bei zifuatazo ni za mwaka 2025. Hubadilishwa mwezi wa Januari, kwa hiyo zichukue kama kipimo na utazame kwenye mashine.

Tiketi ya safari moja ya metro, treni na RER ni euro 2.50. Inafaa eneo lote la Île-de-France, yaani Paris na mkoa unaoizunguka, isipokuwa viwanja vya ndege, kwa hiyo hata Versailles kwa RER C ni euro 2.50. Inadumu saa 2 tangu kuigonga getini mara ya kwanza, na ndani ya muda huo unabadilisha laini unavyotaka, mradi usitoke nje. Ukishatoka barabarani imekwisha, hata kama umetumia dakika tano tu.

Tiketi ya basi na tramu ni nyingine, euro 2.00. Ya metro haikuruhusu kuendelea na basi, wala ya basi kuingia metro. Anayepanga kutoka metro na kumalizia kwa basi ahesabu tiketi mbili.

Tiketi ya kwenda au kutoka uwanja wa ndege, Charles de Gaulle au Orly, ni euro 13. Inakupeleka mpaka kituo chochote cha metro au RER.

Hizi zinakaa kwenye kadi iitwayo Navigo Easy. Kadi yenyewe ni euro 2, haina picha wala jina, na inatumika tena na tena. Kila mtu na kadi yake: baba hawezi kugonga kadi moja mara tatu na kuwapitisha mama na kijana. Mnaweza kuazimana, lakini si katika safari moja. Mtoto aliye chini ya miaka 4 hapati tiketi, anapita bure. Wa miaka 4 mpaka kabla ya 10 analipa nusu.

Kisha kuna Navigo ya wiki, ambayo wageni wengi wanaikosa kwa kutoielewa. Mwaka 2025 ilikuwa euro 31.60, na inafungua kila kitu: metro, RER, basi, tramu, viwanja vya ndege pia. Unaiweka kwenye kadi iitwayo Navigo Découverte, euro 5, inayotaka picha ya sentimita 2.5 kwa 3. Njoo na picha ndogo kutoka Lubumbashi, itakuwa rahisi kuliko kutafuta mashine ya picha huku umebeba mizigo. Bandika picha na uandike jina siku hiyo hiyo. Kadi isiyo na picha, kwa mkaguzi, ni kama hukulipa.

Jambo la kuzingatia: wiki hiyo ni Jumatatu mpaka Jumapili, si siku saba tangu ununue. Ya wiki inayoendelea inauzwa mpaka Alhamisi. Kuanzia Ijumaa mashine inakuuzia ya wiki ijayo. Anayetua Jumatatu asubuhi amepata. Anayetua Alhamisi anapata siku nne tu. Anayetua Ijumaa aanze na tiketi moja moja.

Hesabu ni hii. Wiki na kadi yake ni euro 36.60. Kama utafika na kuondoka ndani ya wiki hiyo kwa RER, umeokoa 26 za uwanja wa ndege, inabaki 10.60: safari tano za kawaida zinatosha kuirudisha. Kama ni upande mmoja tu wa uwanja wa ndege, unahitaji safari kumi. Bila uwanja wa ndege kabisa, safari kumi na tano. Mtalii anayetembea kweli hufanya safari tatu au nne kwa siku, kwa hiyo jibu ni rahisi kupatikana.

Kwenye mashine, chagua lugha, weka kadi mahali pa kadi, chagua tiketi na idadi, lipa, kisha subiri. Usiitoe kadi mpaka mashine iseme imemaliza. Ukiinyanyua mapema, tiketi inaweza kukosa kuandikwa wakati feza imekwisha kwenda, na itabidi utafute mhudumu dirishani. Chukua risiti ndiyo ushahidi wako.

Wengine wenye simu yenye NFC (inayoweza kusomwa na geti kama kadi) wananunua ndani ya programu na kugonga kwa simu. Ni njia nzuri, ila simu ikizimika uko njiani huna tiketi, na mkaguzi hapokei maelezo ya betri.

Kutoka Charles de Gaulle mpaka mjini

Fuata vibao vya "RER" au "Trains". Uwanja una vituo viwili vya RER B: Aéroport Charles de Gaulle 2 TGV, cha Terminal 2, na Aéroport Charles de Gaulle 1, cha Terminal 3. Ukishuka Terminal 1, panda kwanza CDGVAL, treni ndogo ya bure inayounganisha terminali.

Nunua tiketi ya uwanja wa ndege au wiki yako hapo hapo kituoni, kwenye mashine au dirishani. Foleni ni ndefu asubuhi, ndege nyingi zikiwa zimetua pamoja. Hapo atakuja mtu mwenye upole, anakuonyesha kitufe, anataka akulipie kwa kadi yake umpe noti. Mara nyingi tiketi inayotoka ni ya mtoto au imekwisha tumika, na utaijua mbele ya mkaguzi. Mhudumu wa kweli ana sare na yuko dirishani. Wengine washukuru, urudi kwenye mashine.

Treni zote za RER B zinazotoka hapo zinaelekea Paris, kwa hiyo huko hakuna kukosea upande. Kuna zinazokwenda moja kwa moja mpaka Gare du Nord na zinazosimama njiani. Zote zinafika, kwa takriban nusu saa au zaidi kidogo. Baada ya Gare du Nord ni Châtelet–Les Halles, kisha Saint-Michel–Notre-Dame. Kadi usiizamishe ndani ya valizi: kwenye RER geti la kutokea pia linaitaka.

Safari moja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa kweli: uko Gare du Nord, unataka kuona Mnara wa Eiffel. Mahali pa kuuona vizuri mara ya kwanza ni Trocadéro, ng'ambo ya mto, si chini ya miguu yake.

1. Kabla ya kushuka, andika njia kwa maneno machache: laini 4, Porte de Clignancourt, shuka Barbès–Rochechouart. Laini 2, Porte Dauphine, shuka Charles de Gaulle–Étoile. Laini 6, Nation, shuka Trocadéro. Kila mstari una namba, kituo cha mwisho, na mahali pa kushukia. Hakuna zaidi ya hapo cha kujua.

2. Gongesha kadi kwenye duara la zambarau la geti. Ngoja mlio na taa ya kijani, ndipo upite. Ukiwa na valizi tumia geti pana. Mtu akikusogelea nyuma akitaka kupita pamoja nawe, simama kando umwache aende.

3. Fuata namba ya laini, iliyo ndani ya duara la rangi. Rangi peke yake usiiamini, kuna zinazofanana, soma namba.

4. Mahali njia inapogawanyika kuna kibao kirefu chenye vituo vyote vya upande mmoja na jina la mwisho chini au juu yake. Tafuta kituo chako kwenye orodha. Hakipo? Ni upande wa pili. Dakika moja hapa inaokoa nusu saa.

5. Jukwaani, skrini inaonyesha dakika zilizobaki. Mchana ni dakika mbili mpaka nne tu kwa kawaida. Usikimbilie mlango unaofungwa. Mlio ukilia, mlango hausubiri mtu, nao unabana mkono na mkoba.

6. Treni ikisimama, waache wanaoshuka washuke kwanza. Kwenye treni za zamani, kwa mfano za laini 3, 10 na 12, mlango haujifungui: unainua kikomeo cha chuma. Kwenye nyingine unabonyeza kitufe. Mgeni anasimama akingoja, na treni inaondoka na mlango wake ukiwa umefungwa.

7. Ndani, hesabu vituo. Juu ya mlango kuna mchoro wa laini. Kati ya kituo na kituo ni kama dakika moja na nusu. Barbès ni kituo cha kwanza tu. Kwenye laini 2 ni vituo kumi mpaka Étoile. Kwenye laini 6 ni vitatu mpaka Trocadéro. Jumla vituo kumi na vinne, dakika kama ishirini, ongeza dakika tano kwa kila kubadilisha: dakika thelathini ni makadirio mazuri. Hesabu hii inafaa safari yoyote ya metro.

8. Kubadilisha laini, fuata neno "Correspondance" na namba, si "Sortie". Ukifuata Sortie unatoka na tiketi inakufa. Étoile laini 6 inaanzia hapo hapo, kwa hiyo treni zote zinakwenda upande wa Nation.

Viti vya kukunja vilivyo karibu na mlango haviketiwi treni ikijaa. Simama, vinginevyo watu watakutazama vibaya na watakuwa na haki. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka.

Kuhusu kubadilisha laini kuna jambo moja ramani haisemi. Vituo vinavyoonekana kama nukta moja vinaweza kuwa mbali. Châtelet ni mfano mkubwa: kutoka laini moja kwenda nyingine unatembea njia ndefu za chini, wakati mwingine dakika kumi, na ngazi kila mahali. Kama una mizigo, ni bora ubadilishe kituo kidogo hata ukiongeza vituo viwili. Na vituo vingi vya katikati ya mji vimekaribiana, mita mia tano au sita. Kabla ya kuunganisha laini tatu, angalia kama miguu haitafika mapema.

Majina yanayofanana

Wakongo wengi huko Paris wanakwenda Château Rouge kutafuta sombe, samaki wa chumvi na unga wa muhogo, na Château d'Eau kusuka nywele. Vyote viwili viko laini 4. Vyote viwili ni vituo viwili tu kutoka Gare du Nord. Lakini viko pande tofauti: Château Rouge ni upande wa Porte de Clignancourt, baada ya Barbès, Château d'Eau ni upande wa Bagneux–Lucie Aubrac, baada ya Gare de l'Est. Kisha kuna Château-Landon kwenye laini 7, Château de Vincennes mwisho wa laini 1, na Versailles Château Rive Gauche mwisho wa tawi moja la RER C, nje kabisa ya mji. Anayekuambia kwenye simu "tukutane Château" mwambie amalize jina.

Hali ni hiyo hiyo kwa "Porte de" na "Mairie de". Ni vituo vingi vinavyoanza hivyo. Soma neno la mwisho.

Laini zinazogawanyika

Kwenye metro ni mbili za kukumbuka. Laini 13 kuelekea kaskazini inagawanyika La Fourche: treni moja inakwenda Asnières–Gennevilliers Les Courtilles, nyingine Saint-Denis Université. Laini 7 kuelekea kusini inagawanyika Maison Blanche: moja Villejuif–Louis Aragon, nyingine Mairie d'Ivry. Soma jina mbele ya treni au kwenye skrini. Ukijikuta tawi lisilo lako, shuka, rudi mpaka hapo pa kugawanyika, ungoje nyingine. Ukijua mapema, shuka La Fourche au Maison Blanche kabla treni haijachagua njia.

Ukikosea upande

Usiingiwe na hofu, na usitoke nje. Shuka kituo kinachofuata, tafuta kibao chenye namba ya laini yako na kituo cha mwisho cha upande wa pili, vuka. Kwenye vituo vingi unavuka bila kupita geti. Ukiona njia pekee ni Sortie, panda treni nyingine ya upande ule ule mpaka kituo chenye laini zaidi ya moja; huko kuvuka kwa ndani ni rahisi. Bei ya kosa inabaki dakika kumi, si tiketi mpya.

Kwenye vituo vidogo geti lenyewe limegawanywa kwa upande. Soma jina la mwisho juu ya geti kabla ya kugonga. Ukigonga upande usio wako utalipa tena.

Wezi na wakaguzi

Simu ndiyo inayotafutwa. Mwizi anasimama karibu na mlango, mlio ukilia anaivuta na kuruka nje, mlango unafungwa na wewe uko ndani. Kwa hiyo karibu na mlango simu iwe mfukoni, na unapotaka kuangalia njia simama ndani zaidi. Mkoba wa mgongoni uvae mbele. Pasipoti na euro zako zikae chini ya nguo, na mfuko wa nyuma wa suruali ubaki mtupu. Hatari ni kubwa zaidi kwenye laini 1 na vituo vya watalii, na pale kundi la vijana linapokusonga ghafla wakati wa kupanda. Ukisongwa hivyo, rudi nyuma uiache treni hiyo. Nyingine iko dakika tatu nyuma.

Wakaguzi hukaa mara nyingi kwenye njia za kubadilisha laini, mahali ambapo huwezi kugeuka. Wana mashine ya kusoma kadi. Kadi au tiketi unaitunza mpaka uwe barabarani. Faini inazidi tiketi mara nyingi na inagharimu makumi ya euro, na "mimi ni mgeni" haiwazuii. Ukilipa hapo hapo inakuwa ndogo kuliko ikitumwa kwa barua. Dai karatasi ya faini; anayetaka feza bila karatasi si mkaguzi. Watakuomba pia kitambulisho, kwa hiyo usitembee bila pasipoti.

Treni zinaposimama

Maneno ya kusikiliza kwenye kipaza sauti: "trafic perturbé" ni kuchelewa, vumilia, "trafic interrompu" ni kwamba laini imesimama, tafuta njia nyingine mara moja. "Bagage oublié" au "colis suspect" ni mzigo ulioachwa, na hapo treni zinaweza kukaa nusu saa au zaidi mpaka polisi wauangalie. Usiuache mzigo wako hata kwa dakika moja kwenda kununua maji. Siku za mgomo, laini 1, 4 na 14 zinaweza kutembea wakati nyingine zimelala, kwa sababu hazingojei dereva, pitia huko. Julai na Agosti ni miezi ya matengenezo, na kipande cha laini kinaweza kufungwa wiki nzima. Programu inaonyesha hilo, na karatasi hubandikwa mlangoni mwa kituo.

Metro inafunguliwa karibu saa 11:30 alfajiri. Treni ya mwisho inafika kituo cha mwisho karibu saa 7:15 usiku, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi karibu saa 8:15. Ukiwa na laini mbili za kuunganisha, saa hiyo si yako: laini ya kwanza inaweza kukupeleka na ya pili ikawa imekwisha. Toa dakika arobaini. Baada ya hapo kuna mabasi ya usiku ya Noctilien, yenye herufi N mbele ya namba, yanayoanzia mahali kama Châtelet, Gare de l'Est na Saint-Lazare. Hayo yanataka tiketi ya basi.

Siku ya kurudi

Hapa ndipo RER B inapokosesha watu ndege. Kuelekea kaskazini inagawanyika Aulnay-sous-Bois: tawi moja linakwenda uwanja wa ndege, jingine Mitry–Claye. Jukwaani Gare du Nord treni zote mbili zinapita njia ile ile, dakika chache baina yao, na zinafanana. Kila treni ina jina la herufi nne. Likianza na E inakwenda Charles de Gaulle, likianza na I inakwenda Mitry. Tazama pia kibao cha vituo: Aéroport Charles de Gaulle 2 TGV lazima iwepo. Ukigundua umepanda ya Mitry, shuka Aulnay ungoje inayofuata. Ukilipita Aulnay utarudi nyuma kwanza.

Jua terminali yako kabla ya kupanda, imeandikwa kwenye tiketi ya ndege. Terminal 2 unakwenda mpaka mwisho wa laini. Terminal 1 na 3 unashuka kituo kimoja kabla. Tiketi ya kawaida ya safari moja haifungui geti la uwanja wa ndege, na wakaguzi wanajua hivyo, ndiyo sababu wanasimama hapo. Nunua ya uwanja wa ndege jana yake jioni, wakati mashine hazina foleni. Mwenye mizigo miwili ya kilo 23 asipande kati ya saa 1:30 na saa 3:30 asubuhi kama anaweza kuchagua. Treni inajaa wafanyakazi na valizi hazipiti. Toka mjini saa nne kabla ya ndege kuruka, si mbili.